Kabla ya kulipia laptopu ya mtumba

Habari zenu wanakikundi. Mnaokwenda Kariakoo kutafuta laptopu ya chuo, ThinkPad T480 iliyotumika inafaa kuliko mpya ya bei rahisi yenye hifadhi ya GB 64. Hiyo hujazwa na masasisho ya Windows tu. Iwe na RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, SSD (hifadhi ya kasi) GB 256, na namba ya prosesa baada ya kistari ianze na 8, mfano i5-8250U. Zipo T480 zenye i5-7300U: Windows 11 haizikubali rasmi.

Iwasheni mkibonyeza F1 ili kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nenosiri, achaneni nayo, maana kuweka Windows upya hakuliondoi. Kisha kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows) andikeni powercfg /batteryreport, mfungue ripoti ya betri inayotengenezwa, mlinganishe Full Charge Capacity (uwezo wa sasa) na Design Capacity (uwezo wa ilipokuwa mpya). Uwezo wa sasa ukiwa chini ya asilimia 60 ya ule wa mwanzo, ombeni mpunguziwe kiasi cha bei ya betri mpya. T480 ina betri mbili, someni zote. Na chaja ichomolewe mkiwa hapo hapo dukani, muone kama inaendelea kuwaka kwa betri, tafadhali.