Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinituma jambo moja: tuache kukimbilia sauti mpya za mazingira, turudi kwenye sehemu tulizokwisha kurekodi. Baadhi yenu mliguna, na nawaelewa. Kusimama palepale, alfajiri ileile, kinasa sauti mkononi, si kazi ya kujisifia kwa majirani.

Ila mnakumbuka habari ya Bernie Krause. Mwaka 1988, Mmarekani huyu, mrekodi wa sauti za mazingira, alirekodi uwanda wa Lincoln Meadow katika milima ya Sierra Nevada, California, kabla kampuni ya mbao haijakata miti michache ya kuchagua, mmoja hapa mwingine pale. Mwaka uliofuata akarudi. Kwa macho hapakuwa na kilichobadilika. Kwenye mkanda, kundi zima la ndege halikuwepo. Kilichobaki hasa ni kijito na kigogota akigonga mti. Bila mkanda wa kwanza, angelinganisha na nini?

Hapo ndipo sisi tulipojikwaa. Tulipofungua sanduku la rekodi zetu za zamani, nyingi hazikuwa na tarehe wala mahali. Ipo moja nzuri ajabu: vyura wanaitikiana, mvua inaanza kwa matone mazito juu ya majani, mtu anakohoa. Nadhani ni mimi niliyekohoa. Wapi, lini, sikumbuki. Lawama ni yangu, kwani mimi ndiye niliyesema lebo zitaandikwa baadaye.

Matembezi ya kusikiliza yaliendelea. Tulitarajia watu wazungumzie ndege, wakazungumzia kwao. Mwanachama aliyehamia karibuni alisema wiki za kwanza usingizi ulimpaa, si kwa kelele, bali kwa kuwakosa wadudu wa usiku aliolelewa nao. Mwingine, mzaliwa wa papo hapo, alisema ule ukimya wa saa nane usiku aliokua nao umemezwa na mngurumo wa viyoyozi. Mmoja amehama, mwingine hajasogea hata hatua, na wote wawili wanajihisi wageni.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuita kila kimya uharibifu. Ndege hupunguza kuimba msimu wa kuzaliana ukipita. Na pengine wapo, ila wimbo umebadilika: utafiti wa mwaka 2003 mjini Leiden, Uholanzi, ulionyesha kuwa ndege wadogo wa aina moja, waitwao great tit kwa Kiingereza, wakaao penye kelele huimba kwa sauti nyembamba zaidi, wasifunikwe na muungurumo wa mji.

Hesabu atasoma mhazini. Kamati imeamua kwamba kila rekodi ianze na sauti ya anayerekodi akitaja tarehe, saa, mahali na hali ya hewa, kisha anyamaze. Isiyo na hayo haitaingia maktaba, hata iwe tamu vipi. Na wenye vinasa sauti vya chama nyumbani wavirudishe kabla ya Jumamosi, betri zikiwa zimetolewa. Moja ilivuja mwaka huu, kifaa kikafa.