Mkiandika habari za hewa ukaa, andikeni na umeme uliotumika

Mhariri, salaam

Kwenye kuhifadhi umeme mnaandika betri tu, kila wiki betri, wakati kuna watu wanahangaika na njia nyingine kabisa ya kutunza umeme wa upepo na jua unaozidi, nayo ni kuivunja hewa ukaa kwa plasma, yaani gesi ikiwa kwenye hali ile iliyomo ndani ya radi. Molekuli ikivunjika unapata kaboni monoksaidi na oksijeni, hiyo monoksaidi ukiichanganya na haidrojeni unatengeneza methanoli au mafuta, na mtambo wenyewe unawashwa na kuzimwa fasta, upepo ukivuma unapiga kazi, ukitulia unazima.

Ila kilichonivuta mimi ni modeli za kompyuta. Miaka ya 1980 wanasayansi wa Kisovieti walitangaza ufanisi (yaani sehemu ya umeme inayobaki ndani ya kilichotengenezwa) wa asilimia 80 na zaidi, na maelezo yakawa kwamba siri ni kuzitetemesha molekuli bila gesi yenyewe kupata joto kali. Maabara za baadaye zikajaribu weee, hazikufika huko. Sasa wanasayansi kama Annemie Bogaerts na timu yake pale Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzao wa DIFFER, taasisi ya utafiti wa nishati kule Eindhoven, Uholanzi, wakaingiza kwenye kompyuta kila mgongano wa elektroni na molekuli na kasi yake, wakalinganisha na vipimo vya maabara. Kumbe kwenye plasma ya maikrowevu, yaani inayowashwa na mawimbi kama ya jiko la maikrowevu, kazi kubwa inafanywa na joto lenyewe, kelvini zaidi ya 3,000, na ufanisi unaishia kama asilimia 50. Halafu gesi ikitoka lazima ipozwe haraka sana, ikichelewa monoksaidi inashikana tena na oksijeni inarudi kuwa hewa ukaa ileile, umeme umeenda bure! Ndo maana siku hizi wanahangaika na nozeli, yaani midomo myembamba ya bomba, za kupozea.

Kwa hiyo naomba sana, mkiandika kwamba mtambo umebadilisha asilimia fulani ya gesi, andikeni pia umeme kiasi gani umebaki ndani ya kilichotengenezwa, maana kuna plasma inabadilisha gesi nyingi tu lakini ufanisi wake ni kama asilimia 10, na msomaji akipewa namba moja anadanganyika.

Na wanafunzi wetu wa fizikia waambieni data za migongano hiyo zipo bure kwenye tovuti ya LXCat, na programu ya LoKI-B kutoka Lisbon, Ureno, ya kukokotoa elektroni zinavyogawana nishati kwenye plasma, nayo iko wazi kwa yeyote, laptopu ya kawaida inatosha kuanzia.

Msomaji wenu,
Morogoro