Nukta ya kijani si doa

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita ilidai kwamba ndani ya kalamu ya leza ya kijani mna kitaa cha kijani. Nafundisha fizikia kidato cha sita, na wanafunzi waliniletea ukurasa huo darasani huku wakicheka.

Kitaa hicho hakipo. Katika kalamu nyingi za aina hii, leza iliyomo hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambao jicho halioni. Unapita kwenye fuwele ndogo, na sehemu yake inatoka ikiwa na nanomita 532, nusu kamili. Hapo ndipo kijani kinapozaliwa.

Mwandishi wenu akajitetea kwamba mambo ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama elektroni, hayaelezeki kwa msomaji wa kawaida. Msomaji wa kawaida si anapanda daladala? Spika ikifunguliwa kiasi, wimbo hutoka safi. Ikifunguliwa hadi mwisho inakoroma, na ndani ya mkoromo ule mna sauti nyembamba ambazo mwimbaji hakuziimba. Elektroni nazo ni hivyohivyo: taa huzitikisa kidogo tu, leza kali huzikoromesha.

Nakiri hesabu ya mkoromo huo wa elektroni inatisha. Inataka ujumlishe ngazi zote za nishati za molekuli, na hazina mwisho. Lakini mwaka 1977 wanasayansi Oudar na Chemla walionyesha kwamba kwa molekuli kama paranitroanilini, yenye kundi la amino upande mmoja na la nitro upande wa pili, ngazi mbili zinatosha kukupa picha: ile ya chini, na moja ya juu ambako elektroni zinasogea kutoka upande wa amino, unaotoa, kwenda upande wa nitro, unaovuta. Ubaoni naichora kama mchezo wa kuvuta kamba. Timu zikitoshana nguvu, mwanga maradufu, yaani wenye mitetemo mara mbili na urefu wa wimbi nusu, hautoki. Urahisishaji wa namna hiyo naukubali, maana umepunguza mzigo bila kuongopa. Wenu umeongopa.

Na wahariri mna historia na jambo hili. Mwaka 1961 Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha leza ya rubi, nanomita 694, kwenye fuwele ya kwatzi, wakapata nukta hafifu kwenye nanomita 347. Picha ilipochapishwa katika jarida la fizikia la Physical Review Letters, nukta haikuwepo. Inasimuliwa kwamba ilifutwa ikidhaniwa ni uchafu. Mshale umebaki unaonyesha patupu.

Nimeambatanisha mchoro wangu wa fuwele. Kile kinukta cha kijani upande wa kulia nimekiweka kwa makusudi.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro