Hati za Pemba Isiyo Yetu

Mikindani, Mtwara
4 Machi 2024

Meneja,
Ofisi ya Uwakala wa Meli na Forodha,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HATI ZA SAFARI YA PEMBA, MSUMBIJI

Mimi ni nahodha na mwenye mashua ya kijani, ya tanga na injini. Tarehe 8 Februari niliwalipa Sh. 450,000 mnitolee hati za kutoka nchini: Forodha, Uhamiaji na bandari. Nilimweleza kijana wenu mara mbili kwamba tuko watu wanne, tunakwenda Pemba ya Msumbiji, kwenye harusi ya binti wa shemeji yangu. Akacheka, "Pemba tunapeleka kila wiki, mzee wangu." Hapo ndipo ningeshtuka.

Jioni ya tarehe 12 aliniletea bahasha gatini, imegandishwa kwa gundi, pasipoti zetu zimo ndani. Kaskazi ilikuwa imeshakaa sawa, nikang'oa nanga bila kuifungua. Kosa hilo ni langu, silikatai. Lakini mtu anamlipa wakala ili yeye ahangaike na tanga tu.

Tulijitenga mbali na pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, kwa sababu ya mashambulizi ya waasi mnayoyajua, tukaenda maili za bahari zaidi ya 160. Jumatano asubuhi tukatia nanga Pemba, tukapandisha bendera ya manjano. Bendera hiyo inasema chombo hakina maradhi na kinaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha wamalize kazi yao, hashuki mtu isipokuwa nahodha. Nikashuka na bahasha yenu.

Ofisa akaifungua. Bandari ya kwendea: Pemba, Zanzibar. Safari ya ndani! Pasipoti nne, hakuna hata moja yenye muhuri wa kutoka Tanzania. Orodha ya mabaharia ina majina matatu. Mpwa wangu, fundi wa injini, hayumo.

Kireno changu ni cha salamu tu. Akaitwa askari mmoja msemaji wa Kimwani, lugha ambayo sisi wa pwani tunasikilizana nayo. Akasoma, akanitazama, akasema kisiwa hicho tumekipa kisogo tangu tulipotoka kwetu. Wakacheka wote. Sikuwa na la kujibu, maana kwa mtu wa forodha, mashua iliyoaga inakwenda kaskazini ikaibukia kusini ni ya magendo. Walikuwa na haki ya kutupekua, wakatupekua mpaka chini ya mbao za sakafu, na khanga za bibi harusi wakazihesabu moja moja.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Ngoma za mtaa wa Paquitequete tulizisikia tukiwa nangani, tunakula muhogo wa juzi. Jumamosi nikalipa faini, tukashuka.

Nilipowapigia simu mlisema ni mfumo ndio ulioandika. Mfumo unaweza usijue kwamba Pemba ziko mbili. Mtu aliyekaa Mtwara, hatua chache kutoka Msumbiji, hajui?

Kurudi nako kukawa na lake. Uhamiaji wa hapa wakakuta muhuri wa kuingia Msumbiji, wa kutoka kwetu hamna. Tulikaa kwenye benchi saa tano, tukaandika maelezo mtu mmoja mmoja, kama wezi.

Kwanza, kabla ya pesa, nataka barua yenye muhuri wenu kwenda Uhamiaji, ikiri kwamba kosa ni lenu, kwa sababu mpwa wangu ana safari ya Comoro mwezi Mei. Kisha mnirudishie ada yote pamoja na faini; stakabadhi nimeambatanisha. Na ile risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, ambayo kijana aliniambia "itakuja" naisubiri bado. Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nakwenda TASAC, ambao ndio wanaosimamia mawakala wa meli.

Shemeji hajanilaumu. Amesema tu kwamba khanga zilimfikia zimeshakunjuliwa.

Wenu,
Nahodha na mmiliki wa mashua