Mpe hadithi yule aliyeweka begi kitini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mswada wa kitabu chako cha watoto nimeusoma wote, na sura ya tatu nimeirudia. Binti mgeni anauliza kama kiti kina mtu, anajibiwa kwamba kina mtu, kisha kiti kinabaki kitupu mpaka kengele inalia. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, na mwalimu akiingia haoni kosa lolote. Wasomaji wako wa miaka 8 hadi 12 wanaujua mno uonevu wa aina hiyo, ingawa sisi watu wazima mara nyingi hatuuhesabu. Sura hiyo usiiguse hata nukta.

Lakini nadhani hadithi umempa msimulizi asiyefaa. Sasa hivi anasimulia anayeonewa, nasi tunamhurumia tangu ukurasa wa kwanza. Huruma hiyo haimgharimu msomaji kitu. Jaribu kumpa sauti yule msichana aliyeweka begi lake kwenye kiti. Hakutumwa na mtu. Alitupiwa jicho tu na mwenye jina pale darasani, akaelewa anachotakiwa kufanya. Hamchukii mgeni, ila anaogopa kesho isije ikawa zamu yake. Watoto wengi watakaokisoma kitabu chako watajiona kwake kuliko kwa mwonevu au kwa mwonewa.

Hili halitoki kichwani mwangu tu. Mwaka 1996 mtafiti Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba uonevu ni shughuli ya darasa zima: yupo anayeonea, wapo wapambe wanaomsaidia, wapo washabiki wanaocheka, wapo wanaojiweka kando, na wapo wachache wanaotetea. Waandishi nao walikwishaliona mapema. The Hundred Dresses ya Eleanor Estes, iliyotoka Marekani mwaka 1944, inatuweka karibu na Maddie, msichana aliyenyamaza rafiki yake alipokuwa akimdhihaki mwenzao. Yule aliyedhihakiwa anahama kabla hajaombwa radhi, na Maddie anabaki na ukimya wake. Miaka 30 baadaye, katika Blubber, Judy Blume alimfanya msimulizi awe mmoja wa watesaji wenyewe.

Halafu kuna huyu malkia wako wa darasa, yule mwenye jina. Umemfanya mkatili kila anapofungua mdomo, na mtoto wa namna hiyo hawezi kutawala darasa hata wiki moja. Anayetawala ana akili ya kusoma watu. Anajua nani ana aibu ya nini, anajua kuchangamka mbele ya walimu, na leo anakukumbatia ili kesho akikunyima salamu uumie zaidi. Watafiti wa mahusiano ya watoto wanatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kutajwa kuwa maarufu na kupendwa. Waulize wanafunzi nani ana jina darasani, kisha waulize wangependa kukaa na nani. Orodha zile mbili zinaweza kutofautiana sana. Natamani malkia wako alijue hilo. Mpe ukurasa mmoja tu anapogundua kwamba wanaomzunguka wanamwogopa, naye hana wa kumwambia.

Sehemu ya kikundi cha simu imekaa vizuri, hasa binti mgeni anapoondolewa usiku bila neno. Kikao cha mwalimu mkuu kifupishe.

Sasa yule mvulana anayemtetea mgeni uwanjani. Hotuba yake inajaza ukurasa mzima, na hakuna mtoto anayezungumza hivyo mbele ya kundi. Nchini Kanada watafiti waliwahi kurekodi kwa video matukio ya uonevu kwenye viwanja vya shule, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wanafunzi wengine walikuwepo karibu kila mara, lakini walioingilia walikuwa wachache. Hata hivyo, pale mtoto alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Andika sekunde hizo 10. Aseme "Mwacheni" basi, sauti ikimtetemeka, asijue wenzake watamfanya nini. Litagusa kuliko hotuba yote.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliombea kwa moyo wote: ondoa yale mashindano ya kuimba. Binti anashinda, shule nzima inampigia makofi, na ghafla kila mtu anataka urafiki naye. Mtoto anayeonewa na ambaye hana sauti nzuri wala kipaji cha kuonyesha jukwaani ataelewa nini? Kwamba wangemheshimu kama angekuwa na kitu cha ziada. Nami simtaki aelewe hivyo. Aheshimiwe akiwa vilevile alivyo, hajui kuimba, ana kigugumizi, yupo tu darasani kama wengine. Mwache apate rafiki mmoja wa kweli, na darasa libaki nusu limebadilika na nusu bado.

Najua kubadilisha msimulizi ni kuandika upya karibu kitabu kizima. Anza na sura ya tatu peke yake, kwa sauti ya mwenye begi, unitumie hata kabla hujaisafisha. Nitaisoma siku hiyohiyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo