Malalamiko kuhusu kurasa za kituo cha Uelzen katika mwongozo wenu wa safari

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MAKOSA KATIKA MAELEZO YA KITUO CHA TRENI CHA UELZEN, UJERUMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni waongoza wageni wanaozungumza Kiswahili kaskazini mwa Ujerumani. Mwongozo wenu unauzwa kwa wageni hao hao, na kurasa zake za Uelzen zinawatia hasara. Picha ni nzuri, hatuna neno nazo. Shida iko kwenye maandishi.

Kubwa kuliko yote ni saa. Mmeandika kwamba Niedersachsen-Ticket, yaani tiketi ya siku ya jimbo la Niedersachsen ilipo Uelzen, inatumika Jumatatu hadi Ijumaa "kuanzia saa 9 hadi saa 3". Ni wazi mmenakili 9:00 na 3:00 za Kijerumani bila kuzigeuza. Msomaji wa Kiswahili anaelewa alasiri hadi saa tatu usiku, kwa hiyo anakaa hotelini nusu siku na tiketi iliyokwisha kuanza kazi, kisha jioni anaharakisha kurudi bila sababu. Iliyo sahihi ni saa 3 asubuhi hadi saa 9 usiku wa kuamkia siku ya pili. Jumamosi, Jumapili na sikukuu haisubiri asubuhi, inaanza saa 6 usiku. Tiketi hiyo inabeba hadi watu watano, na majina ya wasafiri yaandikwe juu yake kabla ya kupanda. Jambo hilo la majina hamkuligusa kabisa, na mkaguzi huanza nalo.

Papo hapo mnamshauri msafiri mwenye tiketi hiyo apande ICE, treni ya mwendo kasi, kutoka Hamburg "ili afike haraka". Niedersachsen-Ticket ni ya treni za mkoa tu. Ni kweli inakubaliwa hadi Hamburg, ingawa Hamburg ni jimbo jingine, lakini ndani ya ICE au IC, ambayo nayo ni ya masafa marefu, mwenye nayo anahesabiwa hana tiketi. Kiwango cha chini cha faini ni euro 60, na kwa familia ya wanne kila mtu mzima anahesabiwa peke yake. Nani atalipa, nyinyi au wao?

Deutschlandticket, tiketi ya treni za mkoa na mabasi kote Ujerumani, nayo mmeiandika kama tiketi ya siku ya euro 49. Hiyo ilikuwa bei ya Mei 2023, tena ya mwezi mzima. Tangu Januari 2026 ni euro 63. Isitoshe, ni mkataba unaojirudia wenyewe: asiyeusitisha kufikia tarehe 10 ya mwezi anakatwa tena mwezi unaofuata, hata kama amesharudi zake Mombasa. Mgeni wa wiki moja akiinunua, asitishe mapema, ikiwezekana siku ile ile.

Mchoro wenu wa kituo unaonyesha majukwaa 1 hadi 6. Uelzen hakuna jukwaa la 1. Namba ni 101, 102 na 103, kisha zinaruka hadi 301, 302 na 303. Kwa msafiri wa treni za mkoa kati ya Hamburg na Hannover hili si dogo, maana mara nyingi ndipo anapobadilisha treni, na nafasi aliyonayo ni ya dakika chache. Akianza kutafuta "jukwaa la 3" huku ubaoni pameandikwa 303, treni itamwacha. Halafu mnamwambia atumie dakika hizo hizo kutoka nje kupiga picha! Anayetaka picha aiache treni iende na apande ya saa inayofuata.

Kwenye historia mmesema msanii Friedensreich Hundertwasser "alijenga" kituo. Reli ilifika Uelzen 1847, njia ya Celle hadi Harburg ilipofunguliwa. Jengo la matofali lililopo ni la 1887, kazi ya msanifu majengo Hubert Stier, yule yule wa kituo kikuu cha Hannover. Hundertwasser alilipamba upya: nguzo za vigae vya rangi, mipira ya dhahabu, sakafu yenye mawimbi, majani juu ya paa. Alifariki Februari 2000 na hakuiona kazi ikikamilika. Ulikuwa mradi wa Expo 2000, maonyesho ya dunia ya Hannover, lakini ufunguzi ukafanyika Novemba, Expo yenyewe ikiwa imeshafunga milango tangu tarehe 31 Oktoba. Kisa kitamu kama hicho mmekipita.

Pia mmeandika kwamba njia ya reli ya kwenda Stendal "ilikufa na mpaka". Njia hiyo ya 1873, iitwayo Amerikalinie kwa sababu ya wahamiaji waliopita humo kwenda kupanda meli za Amerika huko Bremerhaven, ilikatwa Ujerumani ilipogawanywa baada ya vita. Ikafunguliwa tena 1999. Leo unapanda Uelzen, unapita Salzwedel, unashuka Stendal.

La mwisho ni fidia. Treni ikichelewa dakika 30 hulipwi, kinyume na mlivyoandika. Kwa tiketi ya kawaida, kuchelewa kufika kwa dakika 60 kunakupa asilimia 25 ya nauli, na dakika 120 asilimia 50. Kiasi kilicho chini ya euro 4 hakilipwi. Muda wa kudai ni miezi mitatu. Ule mwaka mmoja mliouandika ulifutwa Juni 2023.

Tunaomba ndani ya siku 14 mfanye haya: mrekebishe toleo la mtandaoni mkianza na saa na ICE, muwatumie ujumbe wote walionunua, na mumrudishie faini kila atakayeleta risiti pamoja na ukurasa uliomponza. Nakala zilizobaki dukani ziwekewe karatasi ya masahihisho. Mkihitaji mtu wa kupitia rasimu, tupo tayari.

Wenu katika kazi,
Waongoza wageni, Hamburg