Bunduki zikibanwa watu wanapona

Mhariri, assalaam alaykum. Hapa Wete barazani kila tukisikia watu wamemiminiwa risasi skulini huko Marekani hakosi mtu wa kusema sheria haisaidii, muovu silaha ataipata tu, na mie hilo silikubali hata kidogo. Australia mwaka 1996 mtu mmoja aliua watu 35 pale Port Arthur, serikali haikungoja, ikapiga marufuku bunduki nyingi za kufyatua haraka haraka, ikanunua kwa raia zaidi ya laki 6 zikaharibiwa, na miaka mingi baada ya hapo mauaji ya namna ile yakawa nadra sana, sisemi yalikwisha. New Zealand nao, walipouliwa Waislamu wenzetu 51 misikitini Christchurch mwaka 2019, Ijumaa ile tunaikumbuka sote, sheria ilibadilishwa ndani ya mwezi mmoja tu!

Mwenye hasira na panga ataumiza ndio, lakini kuua watu 50 kwa dakika chache hawezi. Kwetu bunduki haimilikiwi bila leseni, basi naomba wakubwa masharti hayo yasilegezwe kwa yeyote, awe na pesa awe na cheo.

Msomaji wenu, Wete, Pemba